Mgonjwa tunampa pole, na anayemuuguza je?

Msomaji mpenzi, hebu kumbuka mara ya mwisho ulipokwenda kumjulia hali mgonjwa nyumbani kwake. Bila shaka ulibeba maziwa, mkate, sukari, na pengine matunda. Ulikaribishwa, ukamsogelea mgonjwa, ukamwuliza anaendeleaje, ukamwambia kwamba Mungu ni mkubwa na atapona. Kisha chai ikaletwa. Swali langu ni hili: je, unamkumbuka aliyeileta hiyo chai? Macho yake yalikuwaje? Ulimwuliza usiku uliotangulia alilala saa ngapi?

Nathubutu kusema kwamba wengi wetu hatukuuliza. Mimi pia sikuuliza, na katika nyumba ninayoizungumzia aliyekuwa akileta chai ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Mwaka wa 2014 mama yetu alipatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulipooza na maneno yakampotea. Alijua alichotaka kusema, lakini kinywa kilitoa neno jingine kabisa. Alipokaa hospitalini majuma matatu aliruhusiwa kwenda nyumbani, tukapewa dawa, karatasi ya kurudi kliniki, na maagizo yaliyochukua dakika chache tu pale mlangoni. Ageuzwe kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda vya kulala upande mmoja. Alishwe akiwa ameketi wima asije akapaliwa. Anyooshwe viungo asubuhi na jioni. Dawa za shinikizo la damu zisikose hata siku moja.

Maagizo hayo yalikuwa ya kweli na sina ugomvi nayo. Lakini piga hesabu, msomaji. Mtu anayegeuzwa kila baada ya saa mbili hugeuzwa mara 12 kwa siku moja, na mara nne au tano kati ya hizo ni usiku wa manane. Sasa huyo anayemgeuza atalala lini? Jambo hilo halikuandikwa kwenye karatasi, na sisi jamaa hatukuuliza kwa sababu kila mmoja alikuwa akitumaini kwamba si yeye atakayeamka.

Aliyeamka alikuwa dada yangu mdogo. Hakuna mkutano wa jamii uliofanywa wa kumchagua. Sisi wanaume tulikuwa na kazi mjini, dada mkubwa alikuwa ameolewa mbali, basi macho yote yakamwelekea yule ambaye hakuwa na bwana. Alikuwa akiuza nguo za mitumba sokoni. Alifunga kibanda kwa wiki mbili, mpaka mama apate nafuu, na wiki mbili hizo zikawa miaka mitatu.

Mimi nilijiona mwana mwema. Kila mwisho wa mwezi nilituma pesa za nepi na dawa, na kila jioni nilipiga simu kuuliza, "Mama ameshindaje?" Dada angejibu kwamba ameshinda vyema, amekunywa uji, haja kubwa amepata. Nami ningeshukuru na kukata simu. Kwa muda wa zaidi ya mwaka mzima sikuwahi kumwuliza yeye ameshindaje.

Siku moja nilifika nyumbani bila ya kutangaza. Nilimkuta ameketi nyuma ya jikoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, uji unamwagikia moto, naye anautazama tu. Nilipomwuliza kuna nini aliniambia maneno ambayo hadi leo sijayasahau: "Kaka, kuna usiku namwomba Mungu amchukue mama. Halafu kukicha namwogesha, namtazama usoni, naona mimi ni muuaji."

Nilishtuka. Nakiri kwamba jambo la kwanza nililofanya ni kumkemea. Nilimwambia asirudie kutamka maneno kama hayo, huyo ni mama aliyetuzaa, na kwamba kumtunza mzazi ni baraka. Alinyamaza, akaondoa sufuria ya uji motoni, na nadhani hakuniambia tena la moyoni kwa miezi mingi. Nilidhani nimemfunza adabu, ilhali nilikuwa nimeufunga mlango wa pekee aliokuwa amethubutu kuufungua.

Ninayaandika haya kwa kuwa najua katika nyumba nyingi zinazonunua gazeti hili kuna mtu anayefikiria jambo kama hilo usiku huu. Wewe unayemuuguza mumeo, mzazi wako, mtoto asiyeweza kuketi, au rafiki asiye na jamaa, nataka ujue hivi: fikira hiyo huwajia watu wengi wanaouguza kwa muda mrefu, na haikufanyi mwovu. Aghalabu anayeomba mgonjwa achukuliwe haombi mtu afe. Anaomba yale mateso yaishe, ya mgonjwa na yake mwenyewe, na akili iliyokosa usingizi haioni mlango mwingine wa kutokea.

Wataalamu hawakuligundua jambo hili jana. Mwaka wa 1974 daktari mmoja wa nafsi nchini Marekani, Herbert Freudenberger, aliandika kuhusu watu wanaowahudumia wengine mpaka nguvu za mwili na za moyo zinawaishia, wakabaki kama jiko ambalo makaa yamekuwa majivu. Mwaka wa 1980 Steven Zarit na wenzake walitunga maswali ya kupima mzigo wa mtu anayemtunza mzee aliyepoteza kumbukumbu. Yanamdadisi mtunzaji kama hukasirika anapokuwa karibu na mgonjwa wake, kama humwonea haya mbele ya wageni, kama ana wakati wowote ulio wake. Maswali ya namna hii bado yanatumika katika nchi nyingi. Tazama yanavyoanza: yanachukulia kwamba hasira ni jambo la kawaida, kisha yanataka kujua imefikia kiasi gani. Sisi kwetu hasira hiyo huitwa laana.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka wa 2021 watu milioni 57 ulimwenguni waliishi na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, wengi wao katika nchi zisizo tajiri kama yetu. Katika mwaka wa 2019 jamaa na marafiki waliowatunza wagonjwa wa aina hiyo walitumia wastani wa saa tano kila siku kwa kazi hiyo, na katika kila saa 100 za utunzaji, 70 zilitolewa na wanawake. Huo ni ugonjwa mmoja tu. Ongeza kiharusi, saratani, figo, kifafa, maradhi ya akili na watoto waliozaliwa na ulemavu, kisha ujiulize ni mabinti wangapi katika kijiji chako wamefunga vibanda vyao.

Hapo niwaombe radhi wanaume, kwani wamo pia. Namfahamu mzee mmoja ambaye mkewe aliugua saratani ya shingo ya kizazi. Alimwogesha, akamfulia, akampikia mchuzi, na wanaume wenzake wakamcheka kwamba amekaliwa. Hatimaye aliacha kwenda kunywa chai sokoni. Mwanamke anayeuguza angalau ana wenzake wa chama wa kumhurumia, lakini mwanamume akiuguza hana pa kulia. Na kuna marafiki, watu ambao si ndugu wa mgonjwa wala hawajui watajiandikisha kama nani wakifika hospitalini, lakini ndio wanaokesha. Hao hawapewi hata pole siku ya mazishi.

Sasa nirudi kwa wewe unayekuja kujulia hali. Kuna maneno tunayoyasema kwa nia njema, nayo yanaumiza. Tunamwambia mtunzaji, "Jipe moyo." Tunamwambia kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Tunamwambia, "Wewe ni shujaa, una moyo wa ajabu, mimi nisingeweza." Kwa maoni yangu sifa hii ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote. Ukishamwita mtu shujaa mbele ya wageni umemnyima ruhusa ya kusema amechoka. Fauka ya hayo, unapotamka kwamba wewe usingeweza, umejiondolea wajibu kwa adabu kubwa na kurudi kwako.

Kuna na ile ahadi yetu maarufu: "Ukiwa na shida usisite kuniambia." Mtu aliyekesha hana nguvu ya kutafuta shida ya kukutuma, wala hana uso wa kukupigia simu saa nane za usiku. Mwambie kitu kinachoshikika. Mwambie, "Jumamosi nitafika saa tatu asubuhi, nikae na mama mpaka saa tisa, wewe uende sokoni, kanisani, msikitini, au ukalale kwa jirani." Halafu ufike kweli. Kama hujui kumgeuza mgonjwa, omba ufundishwe siku moja kabla. Kama unaona haya kumbadilisha nepi, basi fua mashuka, teka maji, chemsha uji, au wachukue watoto wa nyumba hiyo walale kwako.

Halafu keti naye, msomaji, yeye mwenyewe, mbali kidogo na kitanda cha mgonjwa. Mwulize, "Na wewe je?" na unyamaze. Kunyamaza huko ndiko kunakotushinda. Akilia, mwache alie. Akitamka jambo la kutisha kama lile la dada yangu, usimkemee wala usimnukulie maandiko. Mwambie umesikia. Hakuja kwako kutafuta dawa, alitaka tu mtu mwingine ajue kinachomwendea usiku.

Tuzungumzie pia mchango. Sisi Wakenya hatuna mpinzani kwa harambee. Mtu akilazwa, kesho kuna kikundi cha WhatsApp, kuna mwekahazina, kuna nambari ya M-Pesa, na orodha ya waliotoa inasomwa kila jioni ili wasiotoa waone haya. Jambo hilo limeokoa maisha ya wengi na sitalidharau. Ila tunachanga pesa tu. Mbona hatuchangi usiku? Jamii yenye ndugu sita watu wazima inaweza kugawana siku za mwezi na kuandika orodha kama ile ya pesa, nani anakuja Ijumaa ya kwanza, nani ya pili. Aliye mbali alipe nauli ya aliye karibu, au amlipe kijana wa kusaidia kumwinua mgonjwa. Mtunzaji naye apewe fedha zake mwenyewe, si za nepi, za kununulia mafuta ya nywele na viatu bila ya kumwomba mtu risiti. Dada yangu alituhesabia kila shilingi kwa miaka mitatu, na hakuna kati yetu aliyemhesabia yeye mauzo aliyoyapoteza sokoni.

Wewe unayeuguza nawe nina mawili matatu ya kukuambia. La kwanza linahusu matusi. Mgonjwa wa kiharusi, au mzee anayepoteza kumbukumbu, anaweza kukutukana, kukusingizia kwamba umemwibia pesa, kukutemea uji. Anaweza kucheka palipo na msiba, au kulia bila ya sababu mara kumi kwa siku. Sehemu ya ubongo inayoshika lijamu ya hasira, kilio na kicheko imejeruhiwa. Mama yetu, ambaye maishani mwake hakuwahi kutamka neno chafu, alimwita dada majina nisiyoweza kuyaandika hapa. Dada aliamini kwamba hayo ndiyo mama aliyokuwa akiyafikiria siku zote na sasa ameyatoa. Hakuna mtu aliyemweleza kwamba yale yalikuwa maneno ya ugonjwa. Dakika tano za mhudumu wa afya zingetosha kumwondolea miezi ya uchungu.

La pili linahusu mwili wako. Mgongo wako ni mmoja. Mwombe mhudumu wa afya akuonyeshe namna ya kumwinua mgonjwa kwa kukunja magoti na kumsogeza kwa shuka, usimvute kwa mikono. Unapompeleka kliniki kupimwa shinikizo la damu, nawe toa mkono upimwe. Ikiwa kwa muda wa wiki mbili au zaidi huna hamu ya chakula, hulali hata unapopata nafasi, huoni raha katika jambo lolote, au unafikiria kujitoa uhai au kumdhuru mgonjwa, huo si uchovu wa kawaida tena. Ni msongo wa mawazo uliogeuka kuwa maradhi, nayo yana tiba. Nenda hospitalini useme hivyo hivyo kwa maneno yako. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya simu 1199 isiyolipishwa, na hupokea hata watu wanaotaka kuzungumza tu kwa kuwa mioyo imewalemea. Na ukihisi mkono unataka kumpiga mgonjwa, mlaze salama, toka nje, umwite jirani. Usione haya kumwita.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya methali zetu kuhusu undugu. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, inampa mama miezi mitatu ya uzazi na baba wiki mbili, na inatambua likizo ya ugonjwa, lakini ugonjwa huo ni wa mfanyakazi mwenyewe. Mzazi wako akianguka leo, utakula siku zako za mapumziko, kisha utadanganya kwamba unaumwa, kisha utaacha kazi. Uingereza tangu Aprili 2024 mfanyakazi anaweza kudai wiki moja kwa mwaka ya kumtunza mtu wake, bila ya mshahara. Ni kidogo, lakini mwajiri hawezi kumfukuza kwa sababu hiyo. Wabunge wetu wangeweza kuanzia hapo.

Katika mpango wa Inua Jamii, mzee aliyetimiza miaka 70 hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, na mtu mwenye ulemavu mkubwa hupata kiasi hicho hicho kupitia kwa mtunzaji wake. Yaani serikali inamjua mtunzaji kwa jina na nambari ya kitambulisho, ila inamjua kama mfuko wa kupitishia pesa tu.

Kuna jambo lisilohitaji bajeti kubwa. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, kila mmoja na mkoba wenye kipimo cha shinikizo la damu, cha sukari na cha joto la mwili. Hawa huingia nyumbani mwa watu na kumwona mgonjwa kitandani. Napendekeza waagizwe kumwuliza anayemuuguza maswali matatu tu: unalala, unakula, kuna anayekupokea zamu? Majibu yaandikwe, na akijibu hapana kwa yote matatu, chifu na jamaa waarifiwe kama ambavyo wangearifiwa kuhusu kipindupindu. Mahospisi yamekuwa yakifanya mfano wa kazi hii kwa muda mrefu. Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka wa 1990, na tangu hapo walio katika kazi hiyo wanafahamu kwamba mgonjwa wa saratani haji peke yake, huja na mtu nyuma yake anayepaswa kuketishwa na kusikilizwa. Hospitali kadhaa za kaunti sasa zina kitengo cha namna hiyo. Uliza kama chenu kipo.

Wakongwe kati yetu watakumbuka kwamba tulishayafanya haya. Ukimwi ulipotangazwa janga la kitaifa mwaka wa 1999, vitanda vya hospitali vilikuwa vimejaa, dawa za kupunguza makali zilikuwa ghali mno kwa mwananchi wa kawaida, na wagonjwa wakarudishwa nyumbani kwa mama na nyanya zao. Vijijini wanawake waliungana katika vikundi, wakatembeleana, wakafundishana kuogesha mtu mwenye vidonda, wakalia pamoja. Dawa zilipopatikana bure vikundi vingi vilisambaratika, na hiyo ni habari njema. Lakini ujuzi ule haukupaswa kusambaratika navyo. Wengi wa akina mama hao wangali hai. Ningekuwa mimi kamishna wa afya katika kaunti ningewatafuta kabla ya kumtafuta mtaalamu yeyote wa semina.

Mama alifariki mwaka wa 2017. Matanga yalijaa, sisi watoto tulishukuriwa mmoja mmoja, na mimi nilishukuriwa zaidi kwa kuwa nililipia jeneza. Watu walipotawanyika dada alibaki katika nyumba ile akiamka kila baada ya saa mbili, anasimama kando ya kitanda kitupu. Hilo pia sikulijua mpaka baadaye. Kibanda chake sokoni kilikuwa kimechukuliwa na mtu mwingine, rafiki zake wa chama walikuwa wamezoea kumkosa, na alinieleza kwamba siku ya mazishi alihisi nafuu kidogo kifuani na akaichukia nafuu hiyo kwa mwaka mzima. Ikiwa jirani yako amezika mtu aliyemuuguza kwa muda mrefu, usimhesabie siku za matanga tu. Mtembelee mwezi wa tatu, na wa sita.

Yeye sasa ana kibanda kingine, cha mboga, karibu na barabara. Jumapili iliyopita nilimpigia simu, nikamwuliza ameamkaje. Alinyamaza kidogo kama mtu anayetafuta jibu alilokuwa akimpa mtu mwingine, kisha akasema goti la kushoto linamsumbua tangu siku zile za kumwinua mama. Tumekubaliana niende Alhamisi nimpeleke akapigwe picha.